Matete Niliyoyaonea Huruma

Nyumba za Wafanyakazi, Mlango wa 3,
Mabwawa ya Majitaka,
S.L.P. 416.

Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Na mkazamjomba mpe shikamoo yake sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua ukishaanza huachi, halafu yeye atasema mpwa wako siku hizi hana adabu. Hujambo? Kile kifua kimetulia? Na macho je? Nimefurahi kusikia umepata miwani mpya, ingawa nimesikia pia kwamba umeshaikalia mara mbili. Miwani huvaliwa usoni, Mjomba.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likipata jua linasahau. Mkwe wako bado anatengeneza redio za watu na kuzijaribu zote kwa mpigo, kwa hiyo nyumbani tunasikiliza taarifa ya habari, mpira na matangazo ya vifo kwa wakati mmoja. Mjukuu wako anajua neno moja tu, "sitaki," na analitumia hata akipewa anachokitaka.

Uliniambia nisikupigie simu kukueleza yaliyotokea, nikuandikie, kwa sababu maneno ya simu hayasomeki mara ya pili. Basi nimetii. Mtoto amelala, redio zimezimwa zote, mkwe wako ametumwa sokoni kwa makusudi. Nina shukrani ya kukupa, na ni ndefu.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana nasikia umewatangazia majirani kwamba nimeajiriwa "kulima choo." Usikatae, mkazamjomba ameniambia mwenyewe.

Iko hivi. Maji machafu yote ya mji, ya jikoni, ya bafuni na ya kule kwingine, yanakuja kwetu kwa bomba moja kubwa lililofukiwa. Kwanza yanapita kwenye wavu wa chuma unaoshika matambara, nywele, vijiko, na siku moja meno ya bandia, ambayo mpaka leo mwenyewe hajajitokeza kuyadai. Kisha yanatulia kwenye tangi ili tope likae chini. Zamani yakitoka hapo yalimwagwa kwenye mabwawa mawili ya wazi, nayo yalikuwa yamejaa tope tangu mimi niko shule. Yakifurika yalishuka na mfereji mpaka mtaa wa chini, yakapita mbele ya milango ya watu.

Sasa yanaingia kwenye majaruba manne yaliyojengwa mwaka jana. Kila jaruba lina urefu wa hatua sitini, limechimbwa mpaka usawa wa kiuno, likatandikwa plastiki nene, likajazwa kokoto zilizooshwa, na juu yake yakapandwa matete. Maji hupita chini ya kokoto, huyaoni. Unaweza kutembea juu yake na viatu vya harusi. Kwenye zile kokoto na mizizi wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, na hao ndio wafanyakazi hasa. Wanakula uchafu mchana na usiku bila kuomba likizo, ilimradi mizizi ishuke chini kuwafuata.

Upande wa pili majaruba yote yanatokea kwenye chemba moja yenye mfuniko na kufuli, na humo mna bomba lenye kiwiko kinachozungushwa. Ukisimamisha kiwiko, maji yanapanda kule kwenye kokoto. Ukikilaza, yanashuka. Ni kipande cha plastiki tu, hakizidi mkono wangu kwa urefu, lakini nusura kinitie aibu ya maisha.

Kazi yangu ni kusafisha wavu, kung'oa magugu, kuandika vipimo kwenye daftari na kuyatunza matete. Nilianza mwezi wa pili, nikiwa kwenye muda wa majaribio wa miezi sita. Matete yale niliyapanda mimi na vibarua wanne, mche mmoja mmoja, tukipiga magoti juu ya kokoto mpaka magoti yakawa na alama. Tulipomaliza nilikuwa nayajua kama watoto wa darasani: huyu mvivu, huyu anajitahidi, yule wa kona ana kiburi.

Mkuu wangu ni mhandisi wa halmashauri, mwanamke mmoja mwembamba tunayemwita Rula, kwa kuwa haachi rula yake ya chuma, huichomeka kwenye buti la mpira. Anasimamia vituo vinne, kwa hiyo kwetu alikuwa anakuja kila Alhamisi tu. Mwingine ni mlinzi wa lango, Mzee Komeo. Jina lake halisi ninalijua, lakini hakuna anayelitumia. Hufunga kila kitu: lango, stoo, dirisha, hata kopo lake la sukari lina kikufuli. Ufunguo wa chemba hutundikwa kwenye msumari ndani ya kibanda chake, na hauondoki pale isipokuwa Rula auchukue.

Sasa sikiliza kosa langu. Rula alieleza tangu mwanzo kwamba matete yakishashika, maji yashushwe vidole viwili kila wiki. Wiki ya kwanza na ya pili hayakuonyesha dalili. Wiki ya tatu jua lilikuwa kali, mvua imegoma, na ncha za majani zikaanza kuwa njano. Rula akatazama, akasema ndivyo inavyotakiwa, akaondoka. Mimi nikabaki nayo. Mjomba, niliyaonea huruma. Nikaona yule mama ni mtu wa karatasi, hajawahi kumwagilia hata kitunguu, anataka kuniulia watoto.

Ijumaa asubuhi Mzee Komeo alipotoka kufungulia gari la kokoto, nikaingia kibandani, nikachukua ufunguo, nikasimamisha kiwiko, nikaurudisha msumarini. Baada ya siku tatu majani yakachangamka. Nikajisifu. Nikaendelea hivyo wiki nne: Ijumaa napandisha maji, Jumatano alasiri nayashusha, ili Rula akija Alhamisi akute kila kitu kama alivyokiacha. Ukisoma hivi utaona kama nilipanga wizi. Wakati ule niliona ni malezi.

Ubaya haukukawia. Maji yakaanza kuonekana juu ya kokoto kwenye kona ya jaruba la pili. Mbu wakahamia. Harufu ikarudi, na watu wa mtaa wa chini wakaanza kuniita Bi Manukato nikipita dukani. Sampuli ya kwanza ikarudi kutoka maabara haifai. Ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Rula akawa hasemi na mtu, anapima na kupima tena, na mimi nikawa namhurumia yeye pia, kwa unafiki ambao mpaka leo unanishangaza.

Siku za mwizi arobaini, zangu zilitimia kabla ya hapo. Rula alikuja Jumanne bila taarifa, akafungua chemba, akakuta kiwiko kimesimama wima kama askari. Akatuita wote mbele ya kibanda. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Akauliza nani anashika ufunguo.

"Mimi," akasema Mzee Komeo.

"Umempa mtu?"

"Sijampa mtu."

Na ilikuwa kweli, hakunipa, nilichukua. Rula akatazama nyuma ya kibanda, ambako mzee ana matuta yake matatu ya vitunguu, kijani kibichi katika ukame ule. Akauliza kama alikuwa akipandisha maji ili apate ya kumwagilia. Mzee akasema vitunguu anamwagilia kwa maji ya bomba na ndoo yake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, Mjomba, nikiangalia mabuti yangu. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, nina mtoto, nina nyumba ya kazi. Nilihesabu hayo yote kwa haraka sana, na mdomo ukabaki umefungwa.

Akapewa barua. Wiki mbili ajieleze, na asipokuwa na maelezo, Jumatano baada ya hapo aondoke. Amekaa kwenye lango lile miaka kumi na tisa.

Siku zile sikuwa mtu. Chakula nilikuwa napika na kusahau chumvi, mkwe wako anakula bila kusema neno, ndivyo nilivyojua kwamba sura yangu ilikuwa mbaya. Nilikuwa najiambia huenda Rula atasahau, huenda mvua itanyesha, huenda mzee mwenyewe amechoka kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa mwenyewe huwa anaona bado kuna nafasi.

Ndipo Jumapili ya pili nikakupigia. Unakumbuka nilivyoanza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za jirani: matete ya hapa kazini yamedumaa, sijui yana nini. Ukaniuliza kama nimeiona mizizi. Sikuwa nimeiona. Ukasema ning'oe moja niitazame, kisha nikupigie tena, maana miaka arobaini ya kitalu cha miche imekufundisha kutomtibu mgonjwa kwa kusimuliwa.

Nikaenda na kandambili. Nikashika tete moja, lile la kona lenye kiburi, nikavuta nikidhani nitapambana nalo. Likatoka kwa mkono mmoja. Mizizi yote ilikuwa imetandaa juu juu kama mkeka, hakuna uliozidi kidole kwa urefu. Kule chini kokoto zilikuwa tupu, na uchafu wa mji mzima ulikuwa unapita pale bila kuguswa na mtu.

Nilipokupigia tena ulinisikiliza, halafu ukasema maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya mlango wa stoo kwa chaki:

"Mmea ukinyweshwa mdomoni haushuki kutafuta maji. Sasa niambie, nani aliyeyadekeza?"

Ukaniita kwa lile jina la utotoni, Kidole, kwa sababu nilikuwa nafukua mbegu zako za mipapai kila asubuhi kuona kama zimeota, mpaka nikamaliza trei nzima.

"Kidole. Nani?"

"Ni mimi, Mjomba."

Nikakumwagia yote, ufunguo, Ijumaa na Jumatano, vitunguu, barua ya mzee, huku nalia. Nikangoja uniambie pole. Najua unajua kusema pole, nimekusikia ukiwaambia hata kuku.

"Sasa mbona unaniambia mimi?" ukasema. "Mimi nimekosewa nini? Nenda kamwambie mwenye kesi."

Na simu ikakatika. Nilidhani mtandao. Mkazamjomba ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mtandao ulikuwa mzima, ulikata wewe, halafu ukakaa na simu mkononi mpaka chai yako ikapoa.

Nilikukasirikia sana jioni ile, nisikufiche. Nilimwambia mkwe wako kwamba uzee umekufanya mkali. Akanijibu kwamba redio mbovu nayo hupigwa kofi kidogo kabla ya kusema. Sikucheka.

Jumatatu nikamngoja Rula nje ya ofisi ya halmashauri kabla hawajafungua. Nikamwambia yote hapo hapo kwenye ngazi, nikaomba twende wote kituoni niseme tena mbele ya mzee. Tukaenda. Mzee Komeo alikuwa anafagia. Nilisema siku, nikasema saa, nikasema nilivyouchukua ufunguo yeye akiwa langoni. Rula hakuniuliza sababu. Aliuliza kitu kimoja tu: nilipandisha vidole vingapi. Nikasema sita. Akaandika sita, akachomeka rula kwenye buti.

Nilipewa onyo la maandishi na muda wa majaribio ukaongezwa miezi mitatu. Nilitegemea kufukuzwa, kwa hiyo nilipokea kama zawadi. Barua ya mzee ilifutwa siku hiyo hiyo. Yeye alitikisa kichwa mara moja, akaendelea kufagia. Tangu siku ile ufunguo ukahama msumarini, akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na mimi akawa ananijibu salamu tu, si zaidi. Wiki tisa, Mjomba. Nikaona nimeshasamehewa na ofisi, lakini kwa mzee hapana, na sikuwa na la kumlaumu.

Tukaanza upya. Vidole viwili kila wiki, safari hii nikimshikia Rula mfuniko kwa mikono yangu mwenyewe. Majani yakawa njano nami nikatembea kati yake mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu, nisije nikashika kitu. Karibu robo yalikufa. Niliyang'oa, nikapanda mengine, na hayo nayo sikuyabembeleza. Mwishoni mwa mwezi wa sita machipukizi yakaanza kutoka katikati ya kokoto, mahali ambapo hatukupanda kabisa. Mwezi wa saba nikajaribu kung'oa tete moja kwa ajili ya kuangalia mizizi. Nilivuta kwa mikono miwili, likagoma, nikavuta tena, jani likakatika na mimi nikaanguka chali mbele ya vibarua wote. Tulilichimbua kwa jembe. Mizizi ilikuwa imepita kiwiko changu, myeupe, imekumbatia kokoto kiasi kwamba ilibidi tuzitoe moja moja.

Alhamisi hii majibu ya sampuli ya tatu yamekuja. Yanafaa, Mjomba! Yanafaa kwa kila kipimo. Rula aliisoma karatasi mara mbili, akageuka ukutani kidogo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Maji yanayotoka chembani ukiyatia kwenye glasi unaona kidole chako upande wa pili. Si ya kunywa, usije ukamwambia mtu nimesema ni ya kunywa. Lakini yameachiwa yashuke na mfereji wa mtaa wa chini, na mama mmoja wa huko, aliyekuwa kinara wa kuniita Bi Manukato, ameniuliza kama naweza kumpatia mche wa tete aweke mlangoni. Nimemwambia aombe kwa barua.

Alasiri ile ile Mzee Komeo akaniita kibandani. Nilivua mabuti kabisa, nikadhani sasa ndipo nitasemwa. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akafungua kikufuli cha kopo la sukari mbele yangu, akatia vijiko viwili. Kisha akavua ile kamba shingoni, akaweka ufunguo mezani upande wangu.

"Kuanzia kesho utakaa nao wewe," akasema. "Nilijua tangu Ijumaa ya pili. Ulikuwa unaurudisha umelowa. Mimi maji ya chemba siyashiki."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwa nini basi hakunitaja siku ile.

"Ningekutaja ungekuwa umekamatwa tu. Nilitaka useme mwenyewe. Kazi ya lango ningepata kwingine. Wewe ungebaki hapa miaka thelathini na jambo hilo rohoni. Lakini ulichelewa, binti. Jumatatu ile uliyokuja, nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu."

Akanionyesha chini ya kitanda. Begi bado liko pale na kamba yake. Amesema hajapata nafasi ya kulifungua.

Mjomba, tangu Alhamisi nafikiria jambo hilo tu. Ungenipa pole siku ile kwenye simu, ningelala vizuri. Ningeamka Jumatatu nikiwa nimeshatua mzigo wangu kwako, nisingekwenda kwa Rula, na Jumatano mzee wa watu angebeba begi lake na kupita langoni akiwa kimya, na mimi ningemfungulia. Ahsante. Ahsante kwa kunikatia simu. Najua ilikugharimu, ndiyo maana chai ilipoa.

Nisalimie mkazamjomba, mwambie khanga aliyonitumia imenikaa vizuri. Wasalimie binamu zangu wote wawili, fundi seremala na yule anayejiita dereva. Mama anakusalimu, anasema kama kaka yake anafanya utoto na dawa za kifua atakuja mwenyewe, goti au hakuna goti. Mkwe wako anakusalimu. Mjukuu wako nimemwambia akusalimu, amesema hataki, maana yake ndiyo. Rula anauliza kama mwaka huu unaweza kusafiri, uje uyaone majaruba na umweleze mambo ya mizizi, yeye mwenyewe amesema uje.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe pumzi nyepesi na macho ya kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Na Mzee Komeo anakusalimu. Nilimwambia ni nani aliyenituma kusema. Akauliza, "Bado yuko hai mtu wa namna hiyo?" Nikamwambia yuko. Akavua kofia.

Mpwa wako akupendaye daima,
Kidole